Barua ya wazi kwa shemeji: usingoje kilie ndipo umwite fundi

Shemeji,

Hongereni kwa kuhamia kwenu. Swali lako lilikuwa fupi, kwamba fundi aitwe lini, ila jibu lake halienei kwenye ujumbe wa simu. Nimeona niliandike hapa hadharani kwa sababu nusu ya ukoo wana gari kama lako na tangi kama lako.

Fundi anaitwa kwa tarehe au kwa kilomita. Haitwi kwa mlio, wala kwa harufu, wala kwa maji yaliyotapakaa sebuleni. Kinachokumaliza kwenye dharura mara nyingi si bei ya spea yenyewe. Gari limelala njiani, umelipa kuvutwa, unachukua spea ya kwanza utakayoonyeshwa kwa bei utakayotajiwa, na siku ya kazi imekwenda. Tena kilichoharibika kinaharibu jirani yake: pedi za breki zikiisha kabisa, chuma kinakwangua diski, na wewe uliyekuwa ununue pedi tu sasa unanunua na diski mbili.

Anza na oili ya injini, maana ndiyo wengi wanaiharibu huku wakidhani wanalitunza gari. Toyota IST kama yako, ya injini ya 1NZ, ile ya cc 1,500, inachukua oili lita 3.7 filta ikibadilishwa. Dukani galoni ni la lita 4. Fundi hapendi kukurudishia oili kidogo iliyobaki, atamimina galoni zima, na humo ndani kuna masalia ambayo hayakutoka. Oili ikipita sana alama ya juu, kranki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Mwambie aweke lita 3 na nusu kwanza, awashe injini dakika moja, azime, msubiri dakika 5 oili ishuke, ndipo mchomoe stiki ya kupimia oili. Baada ya hapo ni kuongeza kidogo kidogo mpaka ifike chini tu ya alama ya juu. Kilichobaki kikae kwenye buti, kitakufaa.

Gari likiwa bado liko juu ya shimo, chungulia mambo mawili. Nati ya kutolea oili ina washa, ile pete nyembamba ya kuzuia uvujaji, na washa hiyo iwe mpya. Ya zamani ikirudishwa, ndiyo lile tone moja moja utakaloliona sakafuni kesho yake. Filta nayo ipakwe oili kwenye mpira wake, ifungwe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ikazwe robo tatu ya mzunguko, basi. Anayeibana kwa nguvu zote anampa kazi fundi atakayeifungua safari ijayo.

Kuna watakaokuambia uweke oili namba 40 kwa sababu Dar ni joto. Kataa. Injini hii ina mfumo wa VVT-i, wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka, unaosukumwa na oili ikipita kwenye vijitundu vyembamba, na oili nzito inachelewa kufika asubuhi gari likiwa limepoa. Weka 5W-30 au 10W-30.

Sasa kilomita. Kibandiko cha gereji kikisema 5,000, usibishane nacho kwa jiji hili. Kwenye foleni injini inazunguka saa nzima huku mita ya kilomita imesimama, kwa hiyo oili inachoka bila namba kuonyesha. Na kama gari lako ni la kwenda kazini na kurudi tu, halifikishi 5,000 kwa miezi 6, basi hesabu miezi, achana na kilomita.

Yanayofuata yapange hivi: kazi zinazofunguliwa kwa spana moja zifanywe siku moja. Kila kilomita 10,000 tairi zinatakiwa zibadilishane nafasi, za mbele nyuma na za nyuma mbele. Kwa kuwa tairi zimeshatoka, hapohapo ndipo unene wa pedi unapimwa (ikibaki milimita 3, badilisha), pini za kalipa (kile kinachobana pedi) zinasafishwa na kupakwa grisi ya breki, na bushi na mipira ya stelingi inakaguliwa kama imepasuka. Ukizifanya kwa siku nne tofauti, unalipia kufungua tairi mara nne. Siku hiyohiyo toa eya klina, ile filta ya hewa ya injini, uiangalie kwenye mwanga. Kupuliza kwa kompresa kunasaidia mara moja au mbili, ila upepo utoke upande wa ndani kwenda nje, vinginevyo unazidi kulikandamiza vumbi kwenye karatasi.

Tukiwa bado kwenye tairi: fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko cha Kijapani. Huhitaji kujua Kijapani. Tafuta saizi ya tairi yako na namba iliyo karibu na 220 au 230, hiyo ni kPa, kipimo cha upepo; psi ndiyo ya kwenye geji ya kijana wa pancha. 220 ni psi 32, 230 ni psi 33. Kijana wa pancha akikuuliza aweke ngapi, usimwambie "weka kawaida", kwani kawaida yake yaweza kuwa 40, na tairi ya 40 inalika katikati. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, mara moja kwa mwezi, pamoja na tairi ya akiba inayosahauliwa na kila mtu. Ukienda kununua tairi, soma tarakimu nne za mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "mpya" iliyokaa rafu miaka mingi si mpya.

Maji ya rejeta yasiwe ya bomba, na ya kisima kabisa usiyaguse, hasa haya yetu ya Pwani yenye chumvi. Yanaota kutu ndani, yanaziba vijia vya rejeta na kula pampu ya maji. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupoza injini. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto hata kama fundi anasema amezoea. Maji ya breki, ile DOT 3, badilisha kila miaka 2 hata kama gari halitembei sana, kwa kuwa yanafyonza unyevu, na unyevu ukichemka kwenye mteremko mrefu pedeli inazama. Gia boksi kila kilomita 40,000: IST ya 1NZ ya toleo la kwanza, yenye gia otomatiki ya kawaida, inataka mafuta ya T-IV, na ukimwaga kwa nati ya chini yanatoka takriban lita 3 tu, si yote. Gia hiyo usikubali iwekewe ya CVT, yaani ya gia otomatiki ya mkanda isiyo na hatua, kwa sababu ndiyo yaliyopo dukani. Plagi za kawaida ni kila 20,000.

Nyumba haina mita ya kilomita. Mita yake ni mvua na joto. Masika inaingia Machi, vuli Oktoba, na joto la kaskazi linaanza kuuma Desemba. Kwa hiyo nyumba ina siku mbili kubwa kwa mwaka: Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Februari, na nyingine ya Septemba.

Ya Februari ni ya maji. Magata yazolewe majani kabla hayajaoza yakawa udongo, kisha mwagia ndoo mbili za maji uone kama yanashuka au yanatuama. Fundi akiwa juu, akague misumari ya bati. Kinachovuja huwa si bati, ni kile kimpira chini ya kichwa cha msumari kilichopasuka kwa jua. Kubadilisha misumari 20 ni kazi ya asubuhi moja, ila maji yakishaingia kwenye dari unazungumzia mbao na jipsamu. Shimo la choo nalo linyonywe kipindi hiki, ardhi ikiwa kavu. Ukingoja Aprili, maji ya ardhini yamepanda, shimo linajaa tena upesi, gari la maji taka lina foleni ya wateja, na pengine haliwezi hata kuingia mtaani kwenu kwa tope. Kuna hatari zaidi: shimo lisilojengewa vizuri likitolewa maji yote wakati udongo umelowa, kuta zinaweza kuporomoka.

Tangi lisafishwe siku zote mbili. Lako ni la lita 1,000, kwa hiyo siku mbili kabla funga maji yanayoingia, tumieni yaliyomo mpaka yabaki ya kuoshea tu. Sugua kuta kwa brashi na sabuni, toa tope, suuza. Kisha jaza maji ukiweka klorini ya kufulia isiyo na manukato: ikiwa chupa inasema asilimia 3.5, weka lita 1 na nusu kwa tangi zima. Fungua kila bomba la nyumba mpaka unuse klorini, lifunge, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, jaza mengine, fungua mabomba mpaka harufu iishe. Maji hayo ya usiku hayanywewi wala hayamwagiliwi mchicha. Na klorini isikutane na dawa ya choo yenye asidi, maana inatoa gesi inayoua. Kabla hujafunika, inua boya kwa mkono: maji yasipokata, valvu imechoka, na ndiyo inayofurisha tangi usiku na kukuongezea bili.

Septemba ni ya joto. AC ioshwe ndani na nje kabla mafundi hawajaanza kukimbizana, na filta zake mwoshe wenyewe kila wiki mbili wakati wa kaskazi. Mwambie fundi apulize na bomba la kutolea maji, kwani uteute ukiziba humo maji yanashuka ukutani. Hapa nakuonya jambo moja: gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka tu kwenye mabomba. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" anakuuzia tundu. Atafute linapovuja, alizibe, ndipo ajaze.

Friji, futa vumbi nyavu za nyuma, na ubane noti kwenye mlango. Noti ikivutika bila kukinza, mpira umelegea na yuniti za LUKU, umeme wako wa kulipia kabla, zinatokea hapo. Kwenye kabati la umeme kuna kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila miezi 3. Umeme usipokatika, kile kifaa cha kuwalinda na shoti kimekufa, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mpira wa gesi ya jikoni upake povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, na kama umeanza kupasuka mistari, usiuzungushie selotepu.

Kuandika sasa. Daftari moja dogo kwenye dashibodi, lingine jikoni: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei, simu ya fundi. Kengele ya kwenye simu iwekwe wiki mbili kabla ya tarehe, si siku yenyewe. Wiki mbili hizo ndizo zinakupa nafasi ya kuzunguka Kariakoo ukiwa na namba ya chasisi, kulinganisha maduka matatu, na kununua filta, washa na pedi kabla fundi hajashika spana. Ukifika gereji na spea mkononi, mnabaki kuzungumzia ufundi tu. Na spea ya zamani idai, uondoke nayo, hata kama unakwenda kuitupa.

Mwanzo usikusumbue. Soma kilomita za gari leo usiku, andika ukurasa wa kwanza. Tangi lianze Jumamosi hii. Msalimie dada, mwambie ndoo zote zijazwe Alhamisi.