Acheni watu wapange vitufe vyao wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Makala yenu ya teknolojia kuhusu njia za mkato za kibodi, yaani vitufe unavyobonyeza kupata amri bila kushika mausi, nimeisoma yote, na kwa sisi tunaopanga kurasa kwa kompyuta ilikuwa inahitajika kweli, ila kuna kitu kikubwa mmekiacha. Mmewapa wasomaji orodha ya kukariri. Hamkuwaambia kwamba orodha hiyo inabadilishika, na mimi naona hapo ndo penye jambo lenyewe, hasa kwa vile vitufe vya kutembea ndani ya maandishi.

Watu wakisikia kupanga kurasa wanafikiria kuburuta picha na kuchora fremu, vile visanduku vinavyobeba picha na maandishi, kumbe muda mwingi unaishia kwenye maandishi, unaweka koma hapa, unafuta nafasi iliyozidi pale, unapanda juu kuangalia kama kichwa kinaendana na aya ya kwanza, unashuka tena, alafu yanakuja masahihisho mengine kutoka kwa mhariri na unaanza upya. Na kazi hii ukiifanya kwa mausi inachosha mno, maana ukiwa umefungua ukurasa mzima kwenye skrini herufi zinakuwa ndogo kama chembe za mchanga, unalenga katikati ya neno unaangukia neno la jirani, saa nyingine unashika fremu badala ya maandishi unaisogeza kidogo bila kujua na safu hazikai sawa tena. Kibodi haina shida hiyo. Kwenye InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, ile ya Windows kwa mfano Ctrl na mshale wa kulia inaruka neno zima, Ctrl na mshale wa chini inaruka aya, Home na End ni mwanzo na mwisho wa mstari, na Ctrl na End inakufikisha mwisho wa habari yote hata kama imemwagika kwenye fremu za kurasa kadhaa zilizounganishwa. Ongeza Shift kwenye chochote kati ya hivyo na maandishi yote unayopita yanakuwa yamechaguliwa. Mtu akishazoea hivi, mkono haunyanyuki tena.

Sasa shida inaanzia hapa. Kila programu ina vitufe vyake na hazielewani, na vidole vya binadamu havijui umefungua programu gani.

Mfano ambao mimi unaniuma zaidi ni wa Mac. Kwenye programu karibu zote za Mac, Option na mshale wa kulia ni kuruka neno. Kwenye InDesign kuruka neno ni Command na mshale, na ile Option na mshale imepewa kazi nyingine kabisa, inabadilisha nafasi kati ya herufi mbili pale ulipo, na kama umechagua aya nzima inabadilisha nafasi za herufi za aya nzima! Programu haikuulizi wala haikuonyi. Kipimo kilichowekwa tangu mwanzo ni sehemu 20 kati ya 1000 za em (em ni upana unaolingana na ukubwa wa herufi) kwa kila mbonyezo, yaani kwa herufi ya pointi 10 ni pointi 0.2, kitu ambacho jicho halikioni mara moja. Lakini bonyeza mara tano na imeshafika pointi 1, mstari umelegea, neno la mwisho limesukumwa chini, aya imeongezeka mstari mmoja na sentensi ya mwisho ya habari haionekani tena kwa sababu fremu imejaa. Nimeletewa kurasa za namna hii nyingi tu, na aliyezipanga anaapa hajagusa nafasi za herufi, na anasema kweli kwa sababu alichokuwa anataka yeye ni kwenda neno linalofuata. Mtu kama huyo ukimwambia akariri vizuri zaidi unamuonea bure. Dawa yake ni kufungua lile dirisha la vitufe, kuiondoa Option na mshale kwenye kazi ya nafasi na kuipa kazi ya kuruka neno, kama vidole vyake vilivyozoea kwingine kote.

Na kufanya hivyo si jambo la mafundi. Kwenye InDesign dirisha liko chini ya menyu ya Edit. Seti iliyokuja na programu haiguswi, unatengeneza ya kwako kutoka kwenye hiyo na kuipa jina, kwa hiyo hata ukiharibu unarudi ya zamani bila presha. Amri za kutembea kwenye maandishi zimewekwa kwenye kundi la maandishi na majedwali, na kila amri unachagua inafanya kazi wakati gani, ukiwa ndani ya maandishi, ndani ya jedwali, au popote. Kuna kitufe cha kuonyesha seti nzima kama faili la maandishi, na faili hilo ni zuri sana kulichapa na kulisoma kwa sababu linakuonyesha mpaka amri ambazo hazijapewa kitufe chochote. Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, nayo ina sehemu ya vitufe kwenye mapendeleo yake. LibreOffice Writer, ya kuandikia nyaraka, hivyo hivyo, tena kule unaweza kuamua kitufe kifanye kazi kwenye Writer peke yake au kwenye programu zote za LibreOffice, na seti unaihifadhi kwenye faili unaondoka nayo.

Ila kuna mitego miwili mitatu ambayo watu wanaijua wakishaumia. Usiipe amri ya menyu herufi moja tupu bila Ctrl au Alt, kwa sababu ukiwa unachapa maandishi, herufi hiyo haitaandikwa, amri ndo itafanya kazi. Pili, kuna vitufe ambavyo mfumo wa kompyuta unavidaka kabla havijafika kwenye programu yako, kwa mfano kwenye Mac Control na mshale wa juu inafungua mwonekano wa madirisha yote, kwa hiyo hata ukiipangia kazi kwenye InDesign utabonyeza na mfumo ndo utakaoitikia. Na wale wenye kibodi ya AltGr, kitufe cha upande wa kulia cha kupata alama za ziada, wakumbuke kwamba kwenye Windows AltGr inahesabiwa kama Ctrl na Alt kwa pamoja, hivyo ukiweka njia ya mkato yenye Ctrl na Alt unaweza kujikuta umezuia alama ambayo kibodi yako inaipata kwa AltGr.

Wapo wanaosema vitufe vya kiwandani ndo vimefanyiwa utafiti na tuviache kama vilivyo. Jamani, historia haisemi hivyo. WordStar, programu ya kuandikia, mwaka 1978 iliweka kutembea kwenye maandishi kwa Ctrl pamoja na S, D, E na X kwa sababu vituo vingi vya kompyuta (skrini na kibodi za kuunganisha na kompyuta) vya wakati ule havikuwa na vitufe vya mishale. Bill Joy alipotengeneza vi, programu ya kuhariri maandishi, mwaka 1976 alikuwa anatumia kituo cha ADM-3A ambacho mishale yake ilikuwa imechorwa juu ya herufi H, J, K na L, na mpaka leo watu wanatembea kwa herufi hizo kwenye kibodi zenye mishale kamili. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 kibodi yake ya kawaida haikuwa na mishale kabisa, ilikusudiwa watu watumie mausi, na ni kwenye Macintosh hizo hizo ndo PageMaker, programu ya kupanga kurasa ya kampuni ya Aldus, ilitoka mwaka 1985 na kuifanya kazi hii ya kupanga kurasa iingie kwenye meza za watu wa kawaida. Kwa hiyo programu yetu ya kwanza kubwa ilizaliwa kwenye kibodi isiyo na mishale, na sidhani kama mtu anayeshinda kwenye maandishi leo analazimika kuishi na uamuzi wa mashine ya wakati ule. Hata watengenezaji wenyewe wanalijua hili, ndo maana InDesign imekuja na seti zilizoigwa kutoka PageMaker na QuarkXPress, programu nyingine ya kupanga kurasa, ili waliohama wasipoteze mazoea yao.

Kuna jambo la afya pia ambalo halizungumzwi. Mtu mwenye maumivu ya kifundo cha mkono, au anayetumia mkono mmoja, au mwenye laptopu ndogo ambayo Home na End mpaka ushike Fn, kwake kubadilisha kitufe si anasa. Kitendo anachokirudia siku nzima kikitoka vidole vitatu kikawa viwili, hiyo ni tofauti ya kumaliza kazi au kuiacha.

Ninachoomba ni hivi. Watengenezaji wa programu hizi wasifungie amri yoyote ya kutembea kwenye maandishi, neno, mstari, aya, mwanzo wa habari, fremu inayofuata, zote ziwe kwenye orodha na mtu achague mwenyewe. Walimu wa kupanga kurasa waanze na vitufe hivi kabla ya zana za kuchora, na siku hiyo hiyo wawaonyeshe wanafunzi dirisha la kuvibadilisha. Na ofisi ambazo kompyuta moja inatumiwa na watu wa zamu tofauti, tafadhali acheni kurudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani kila asubuhi, kila mtu awe na seti yenye jina lake, anachagua ya kwake akikaa na mwenzake anachagua ya kwake akija, inachukua sekunde chache tu. Seti ya InDesign ni faili dogo lenye mwisho wa .indk, unaliweka kwenye flashi, na kabla hujaweka toleo jipya la programu unakuwa umeshanakili nakala yake pembeni.

Na nyie gazetini, mkirudia makala ile, wekeni na hatua za kubadilisha, hata aya moja inatosha.

Msomaji wenu,
Msanifu kurasa