Mume wangu anafuata farasi Gilgil, mimi nifanye nini?

Shikamoo shangazi. Saa hii ni saa kumi usiku na sijafunga jicho, mume wangu ameenda zizini kumwangalia yule farasi jike tena, ati jioni hakumaliza chakula. Nitaandika tu vile inanijia.

Sisi tunakaa Karen. Wewe unaijua Karen, mtaa wa matajiri hapa Nairobi, lakini sisi ni wa kota nyuma ya zizi, mume wangu ni saisi, mtunza farasi. Watu wa nyumbani wakisikia Karen simu hazikomi, karo ni mimi, matanga ni mimi, na chumba ni kimoja na choo tunashiriki na vijana wa bustani. Lakini hiyo si shida yangu leo.

Shida ni mwenye boma anauza. Jirani alishauza, ua wake wote wa kayaba uking'olewa tuliona, sasa ni nyumba zimebanana. Hii Karen imekatwa ploti tangu lile shamba la kahawa la Karen Blixen lililokuwa huku lianguke miaka ya 30 kwa hivyo sishangai. Farasi wanapelekwa Gilgil, kule kaunti ya Nakuru, na mume wangu ameambiwa aende nao na amekubali. Hakuniuliza shangazi! Nilisikia kwa yule fundi anayekuja kuwapigilia farasi viatu.

Mimi sisemi ni mtu mbaya. Halewi, mshahara unafika kwa nyumba, hata kama Jumapili za mbio pale Ngong Road hatumwoni. Lakini kuna usiku mmoja umenikaa kwa roho. Mtoto wetu mdogo alikuwa na homa anatetemeka, na usiku huohuo farasi akashikwa na tumbo. Najua hiyo kitu si mchezo, farasi hawezi kutapika, na akianza kujibiringisha chini matumbo yanaweza kujisokota afe, nimeelezwa mara nyingi. Kwa hivyo alikuwa anamtembeza na kamba, anazunguka na tochi, mimi namwona kwa dirisha nimebeba mtoto. Daktari akaja na gari usiku huo, daktari wa farasi. Mimi nikatoka na mtoto mgongoni hadi geti kubwa kutafuta boda. Nilipomuuliza kesho yake akaniambia, mtoto alikuwa na wewe, farasi angekuwa na nani?

Usifikirie nina wivu na mnyama. Hata mimi humpelekea maganda ya karoti, na asubuhi wakitoka wamepangana kando ya ua kwenda msituni huwa nasimama niwaangalie, ni wazuri. Watoto wamezoea huku, kumetulia, hakuna wezi, shule wanatembea. Ndio maana siwezi kwenda Gilgil, nina chama changu na nyumba mbili za kufulia nguo, huko nitaanzia wapi? Kuna mama ameniambia nifanye kwake kulala hukohuko, lakini hataki watoto, na kupanga chumba kule kijiji cha Kuwinda na watoto wawili peke yangu sijui kama nitaweza. Dada yangu ananiambia nimwambie achague, ni sisi au farasi. Mimi naogopa kumuuliza. Si alishajibu ule usiku, farasi angekuwa na nani? Na sitaki kumwacha, nisieleweke vibaya, miaka yote hii hajawahi kuniinulia mkono.

Yeye anasema ni kazi tu, kwamba saisi akikosa farasi huku Karen inayokatwakatwa atakuwa askari wa geti. Labda ni kweli. Lakini angeniambia yeye mwenyewe, sio fundi wa viatu.

Lori la farasi linakuja mwisho wa mwezi na shule hazitakuwa zimefungwa. Nimfuate na watoto katikati ya muhula ama nikae nione kama atarudi kutuchukua? Nijibu haraka, na jina langu usiweke, huku masaisi wanajuana wote.