Kofia inayoacha kidevu wazi

Mhariri,

Kofia nyingi za bodaboda hufunika utosi tu, na mkanda wenyewe mara nyingi haufungwi. Ndiyo maana majeruhi wengi wa pikipiki hufika hospitali taya la chini limevunjika. Tunawasihi madereva na abiria wavae kofia yenye kinga ya kidevu.

Ajali ikitokea, msimlaze majeruhi chali; damu na meno yaliyong'oka huziba koo. Akizimia, mgeuzeni ubavu, kichwa na shingo vikienda pamoja na mwili. Jino la mtu mzima lililong'oka lishikwe upande wa kutafunia, kamwe si mzizini, litiwe kwenye maziwa baridi na kumfikia daktari ndani ya saa moja.

Meno yasipokutana kama zamani, au mdomo wa chini ukifa ganzi, huo si uvimbe wa kukanda kwa maji moto: apigwe picha.

Taya lililofungwa waya hukaa hivyo wiki 4 hadi 6, kwa uji mwepesi, maziwa na mtori uliochujwa. Wapo wanaokata waya hizo mapema kwa njaa, mfupa ukaunga upande. Mkasi wa waya ukae karibu na kitanda, kwa dharura ya kutapika tu.

Matabibu wa kinywa na taya,
Dar es Salaam