Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Hygiea

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita mliazimia kwamba mwaka huu darubini zetu zote zielekezwe kwenye kitu kimoja: Hygiea, asteroidi (mwamba unaozunguka Jua) nyeusi iliyoko sehemu ya nje ya ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Wapo waliouliza kwa nini tuziache pete za Zohali twende kuhangaika na nukta isiyoonekana kwa macho matupu. Lilikuwa swali la haki, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni jibu lake.

Hygiea si kijiwe. Kipenyo chake ni kilomita 430 hivi, na katika ukanda mzima zinazoizidi ni Ceres, Vesta na Pallas tu. Hata hivyo ilikuwa ya kumi kugunduliwa. Annibale de Gasparis aliiona tarehe 12 Aprili 1849 kutoka kituo cha kuangalia nyota cha Capodimonte, Naples, Italia, miaka 42 baada ya Vesta kujulikana. Kilichoificha ni weusi wake. Uso wake umejaa kaboni, na katika mwanga wote wa Jua unaoufikia hurudisha takriban asilimia 7 tu. Vesta hurudisha zaidi ya asilimia 40. Tena Hygiea iko mbali na Jua, kwa wastani mara 3.14 ya umbali wetu sisi na Jua. Waliotafuta kabla ya de Gasparis hawakuwa wazembe.

Walioipata mwaka huu kwa mara ya kwanza wanajua ugumu wake. Huwezi kuitambua kwa sura, maana kwenye darubini zetu haina sura, ni nukta katikati ya nukta. Unapiga picha ya eneo lile lile leo na kesho, kisha unazipishanisha picha mbili haraka haraka kwenye kompyuta. Nyota zote zinatulia, moja inaruka. Mwanachama mmoja aliyejiunga mwaka huu alinipigia simu usiku wa manane, hakusalimia, alisema tu, "Mwenyekiti, imesogea!" Sikurudi kulala. Nilitoka nje nikaielekeza darubini yangu pale pale aliponiambia.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, yaani kupima mwanga. Asteroidi inapojizungusha, mwanga wake hupanda na kushuka kidogo. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Hygiea humaliza mzunguko mmoja kwa saa 27.6. Hesabu hiyo ilisimama juu ya dhana ya kawaida kwamba asteroidi huwa ndefu kama gogo, na gogo linalozunguka hukugeuzia ubavu mara mbili, hivyo mwanga hupanda mara mbili katika kila mzunguko. Mwaka 2017 na 2018 darubini kubwa ya VLT huko Paranal, Chile, iliipiga picha kwa kamera yake ya SPHERE, na matokeo yakatoka Oktoba 2019. Gogo halikuonekana. Kilichoonekana ni mwili wa mviringo, karibu kama mpira. Mpira hauna ubavu wa kugeuza. Kinachobadilisha mwanga wake ni mabaka ya uso, na baka likipita mara moja, halirudi hadi mzunguko uishe. Kwa hiyo zile saa 27.6 zilikuwa mizunguko miwili, na mmoja ni saa 13.8.

Napenda sana kisa hiki. Waliopima zamani walipima vizuri, namba zao zilikuwa safi, na bado jibu lilikuwa maradufu ya ukweli, kwa sababu umbo walilifikiria tu, hawakuliona.

Tulijiwekea lengo la kuliona jambo hilo katika vipimo vyetu wenyewe. Hakuna usiku wa kutosha saa 13.8, kwa hiyo tulishona vipande. Kila baada ya saa 24 Hygiea huwa imezunguka mara moja na karibu robo tatu, hivyo kila usiku hukuta upande mwingine umetugeukia, na usiku nne mfululizo zingetosha kuuzunguka uso wote. Mawingu yalituruhusu usiku nne mfululizo mara moja tu.

Halafu kuna kosa ambalo lazima niliseme wazi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakusanya vipimo. Vipande viwili vilikataa kuungana na vingine. Tulilaumu kamera, tukalaumu nyota za kulinganishia, tukazibadilisha zote. Wiki kadhaa baadaye katibu akafungua mafaili moja moja, akagundua kwamba vipande vile viliandikwa kwa saa za mahali, wakati vingine vyote viko kwa saa za kimataifa. Tofauti ya saa chache ni sehemu kubwa ya mzunguko wa saa 13.8. Tulipozisahihisha, mistari ilikaa. Kuanzia sasa hakuna kipimo kitakachopokelewa bila kuandikwa kwa saa za kimataifa, na namshukuru katibu kwa uvumilivu wake.

Grafu yetu bado ina pengo. Lakini tulipoipanga kwa saa 27.6, kila mahali ambapo nusu mbili zina vipimo, nusu ya pili ilirudia ya kwanza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa ikiwa mzunguko wa kweli ni nusu ya muda huo.

Kuhusu umviringo wake, wengi mmeniuliza kama sasa itaitwa sayari kibete kama Ceres, yaani mwili wa mviringo unaozunguka Jua lakini usiofikia kuwa sayari kamili. Umbo linairuhusu kugombea. Kutambuliwa rasmi bado. Kwangu mimi la kushangaza zaidi ni jirani zake. Karibu asteroidi 7,000 zina njia zinazofanana na yake, na zinahesabiwa kuwa vipande vya mwili mmoja uliogongwa zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Watafiti walitarajia kuona shimo kubwa la mgongano, kama lile lililo kusini mwa Vesta. Waliangalia asilimia 95 ya uso, wakapata mashimo mawili tu ya uhakika, na hakuna lenye ukubwa wa kutosha. Maelezo yao ni kwamba mgongano ulivunja mwili wote, kisha vipande vikavutana vikakusanyika upya kuwa mpira. Kovu halipo kwa sababu tunachokiona kimejengwa baada ya jeraha.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kamati imezipitia na haina swali. Darubini ya kuazimana imerudi salama kila mara, ila kifuniko cha lenzi kimepotea, aliyenacho akirudishe.

Hygiea hurudi kwenye nafasi nzuri ya kuangaliwa kila baada ya miezi 14 na nusu hivi, na safari ijayo tutaitazama kutoka pembe nyingine. Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe tuendelee nayo hadi pengo lizibwe. Wanaotaka kushika zamu wajiandikishe kwa katibu kabla hatujatawanyika.

Mwenyekiti