Nitumie nta ya Tabora

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Tabora. Sisi huku wazima. Mvua zimekolea, kila jioni radi inapiga upande wa Ukerewe, lakini afya tunayo na tunamshukuru Mungu.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaketi nikaisoma tena. Unasema vitambaa na nyuzi zako umezifungia sandukuni tangu ndugu wa shemeji walipohamia kwenu, kwamba nyumba yenye watu haina pa kuweka hata bonge la uzi, na mgeni akikukuta umeinamia sindano ataona humjali. Iliniuma, shoga yangu. Mikono yako naijua. Nilitaka kukujibu siku ile ile, ila ndiyo wiki niliyokuwa na wageni wangu, na sare za kwaya, na shali la mtoto wa jirani, vyote kwa pamoja. Sasa wageni wameondoka na nina mengi ya kukueleza, uvumilie urefu.

Mama mkwe alikuja kwa meli. Magoti yake hayawezi kukaa basini kutwa nzima, na tangu MV Victoria ilipofanyiwa matengenezo makubwa ikarudi kazini mwaka 2020, hataki kusikia usafiri mwingine: anapanda Bukoba jioni, analala, anaamkia Mwanza. Nilimpokea bandarini asubuhi na mapema, nikapiga goti kumwamkia pale pale kwenye sakafu iliyolowa, naye akaniinua kwa mkono mmoja, wa pili umekumbatia kopo la senene. Wifi na wanawe wanne wakafuata kesho yake kwa basi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kupanga foleni kusubiri kivuko. Kilomita 3 juu ya maji, mara wako ng'ambo. Mdogo wao aliwaeleza majirani wote kwamba basi lao lilipita juu ya ziwa.

Basi watu sita. Na chumba cha wageni ndicho chumba changu cha kazi, unakikumbuka. Nikatoa cherehani, nikatoa meza ya kugongea batiki, nikatoa makarai na madumu, nikatandika godoro la Mama na mikeka ya watoto. Vitu vyote vikahamia barazani na nyuma ya nyumba, karibu na lile jiwe kubwa. Sare zenyewe hazingoji: wanakwaya 18, kila mmoja mita tatu, nyeupe na bluu ya mpauko juu ya bluu nzito, na kwaya wanazitaka wazivae Krismasi. Fundi naye alishaniambia bila kitambaa mkononi kufikia Ijumaa hachukui kazi.

Zamani ningefanya unavyofanya wewe. Ningefunika kila kitu kwa shuka, nikawapikia, nikakaa nao sebuleni, halafu usiku wakilala nikaanza kazi macho yamejaa usingizi. Safari hii sikufunika. Mama alipomaliza chai nikamwambia wazi, "Mama, nina kazi ya kanisa na muda umebana, naomba nikae nayo hapa barazani tukiongea." Akanitazama, akasogeza kigoda karibu na meza. Akasema mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini yeye mzee, hana siku tatu za kusubiri, apewe sasa.

Nikampa kibao cha sponji.

Unakumbuka vile vibao tulivyokuwa tukitengeneza SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, sponji ya godoro kuukuu iliyochongwa kwa wembe na kubandikwa kwenye mbao? Nilikuwa nimechonga nyota yenye ncha nane na jani la mtama. Kibao unakichovya kwenye mshumaa ulioyeyuka na kukigonga kitambaani, ili rangi isipenye hapo, na Mama akataka kwanza kujua mshumaa umeiva au haujaiva, kwa kuwa hakuna kipimo jikoni. Nikamwonyesha. Ukigonga, mshumaa ukabaki mweupe juu ya kitambaa kama mafuta ya mbuzi yaliyoganda, huo bado, rangi itapenya chini yake. Ukiiva, nyota inageuka ya kioo, na ukipindua kitambaa unaiona upande wa pili vile vile. Moshi ukianza, epua. Aligonga nyota mbili tu akawa ameshajua. Akawa anagonga, anapindua, anatazama, anatikisa kichwa, anagonga tena. Wifi upande wake akashika jani la mtama. Mimi nikawa navuta kitambaa na kuwachochea moto.

Watoto hatukuwaruhusu kusogelea sufuria ya mshumaa, hilo nakuambia wazi kwa kuwa wewe pia una wadogo. Kazi yao ilikuwa kubeba: watoto wawili kila kitambaa, mmoja huku, mmoja kule, wanakitembeza bila kukikunja hadi kivulini. Kikikunjwa mshumaa unapasuka na rangi inaingia kwenye nyufa. Zipo batiki zinazopendeza kwa michirizi ile, ila kwaya walitaka nyota safi, isiyo na ufa. Na jua la hapa, jiwe likishapata moto, ukiweka kitambaa chenye mshumaa juu yake nyota zote zinamwagika. Walilielewa hilo haraka, wakawa wanakemeana wenyewe kwa wenyewe.

Rangi nilifanya peke yangu alfajiri, watu wamelala. Kostiki na haidrosi, zile dawa kali za kuyeyushia rangi, si vitu vya kufanyia katikati ya watoto. Glavu hadi kwenye viwiko, barakoa, na kostiki naitia mimi kwenye maji kidogo kidogo, kamwe sitii maji kwenye kostiki. Ila nakwambia, hakuna saa naipenda kama ile. Ziwa limetulia, unasikia injini za mitumbwi ikirudi Mwaloni, harufu ya dagaa inapanda taratibu. Unatumbukiza kitambaa, unakigeuza, unakigeuza, mikono isisimame maana ikisimama panatokea madoa. Unakiinua kikiwa cha kijani kilichofifia, mtu asiyejua atasema kazi imeharibika. Kisha upepo unakipiga. Kwanza pindo, halafu katikati, bluu inapanda mbele ya macho yako, na nyota zimekaa pale pale zilipogongwa. Siku ya pili nilipogeuka nikamkuta Mama amesimama kwenye kona ya nyumba, amejitanda khanga. Sijui alikuwa pale tangu lini. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe rangi iko hewani." Sikuwa na la kuongeza.

(Maji ya rangi yaliyobaki nimechimbia shimo juu kule, mbali na mfereji. Mfereji wetu unashuka moja kwa moja ziwani, na sisi sote tunakula samaki wa ziwa hili.)

Mvua ilitutisha mara moja. Vitambaa viko kwenye kamba baada ya rangi ya pili, wingu likaja kutoka ziwani kwa ghafla lile unalolijua. Mimi nilikuwa sokoni natafuta sato. Niliporudi mbio nikakuta kamba tupu. Wifi na watoto walishaingiza vyote, vimetandazwa sebuleni juu ya viti, juu ya mlango, juu ya televisheni, na baba watoto ameketi katikati yake anakunywa chai akisubiri apate pa kupita. Jirani aliyekuja kuazima chumvi akaagiza mita sita hapo hapo.

Fikiria kama ningekuwa peke yangu, Mama Neema.

Kutoa mshumaa tulifanya sote, pipa la maji ya moto na sabuni nyuma ya nyumba. Wifi ndiye aliyekuwa akiengua mshumaa ulioelea, anaugandisha kwenye beseni tuutumie tena. Jioni yake ndizi zilichelewa kuiva na hakuna aliyelalamika. Tulikula saa tatu, ndizi walizokuja nazo na sato wa kuchoma, na michembe, vile viazi vitamu vikavu, ambayo watoto wa Bukoba hawakuwa wameionja. Senene tulimalizia barazani, tukipinda ncha za vitambaa.

Mama naye alikuja na kazi yake, nami nisingejua kama ningekuwa nimeficha yangu. Siku ya tatu ndipo alipofungua kifurushi chake. Ndani mlikuwa na ukindu uliochanwa mwembamba, sindano nene, na mwanzo wa kikapu kisichozidi kiganja. Nyumbani kwake mgeni hapewi kahawa ya kutafuna mkononi; inaletwa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, anachukua punje mwenyewe. Cha zamani kimechakaa, akawa anasuka kingine ila macho hayaoni vizuri tena pale duara linapoanza. Akaniomba nimwanzie. Anashika msokoto wa nyasi, anauzungushia ukindu, anapenyeza sindano kwenye mzunguko wa chini, anakaza hadi kinalia kidogo. Kile kikapu kingeweza kushika maji, kwa jinsi kilivyokaza. Nilimwanzia kifuniko, yeye akaendelea nacho, na usiku huo alinieleza habari za mama yake na za nyumba aliyoolewa, mambo ambayo miaka yote hii ya kuwa mkwewe hajawahi kunigusia. Nadhani mtu huongea zaidi macho yake yakiwa kwenye kazi. Angeketi nami sebuleni tumekabiliana, tungemaliza habari za safari na afya, tukabaki tunatazama televisheni.

Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, tuliwapeleka Jumamosi, watoto walitaka kuona ngoma za watemi. Walipiga, walicheza, wakaona nyoka, wakarudi kutoka Kisesa wamelala ndani ya daladala. Mimi nilikaa muda mrefu mbele ya ngoma nikichora vipande vya nakshi kwenye daftari. Kuna mstari wa pembetatu ninaouona kwenye pindo la khanga ya kitandani.

Shali la mtoto lilifumwa katika vipande vya muda, ugali ukiiva, foleni ya maji, safari ya Bujora. Ni ile nakshi yako ya vibanda vitano, uzi mweupe na pindo la kijani. Mama yake alilia alipolipokea, lakini mzazi wa siku tisa hulia kwa chochote.

Sare zimekwenda kwa fundi Ijumaa saa nne, zote.

Sasa nikurudie wewe. Sisemi ufanye kila kitu mbele za watu. Rangi na kostiki vina saa yake, na mtu akija na msiba wake huweki mbele yake bonge la uzi. Lakini kufuma? Fungua sanduku hilo. Kaa barazani na uzi wako shangazi wa shemeji akiwa hapo hapo. Mpe ashike bonge, au mwulize kwao pindo humaliziaje. Yule binti unayesema anashinda na simu, mpe sindano namba nne na uzi mnene, aanze na mnyororo tu, usimwambie ni somo. Mtu akiona unafuma huku unamsikiliza hatasema humjali. Ataona umemwamini kumwonyesha unachokipenda. Usipotaka kuwaonyesha wote, anza na mmoja.

Na ninayo haja. Nta ya nyuki niliyokuwa nayo imekwisha kwenye sare hizi. Mshumaa mtupu unapasuka mno. Ukichanganya na nta ndipo unapokuwa laini na kushika kitambaa, nawe uko Tabora, kwenye asali yenyewe. Naomba kilo mbili, iliyochujwa, ya njano isiyoungua. Ukiinusa iwe na harufu ya asali, si ya moshi. Niambie bei nikutumie kwa simu, usinifanyie ya undugu.

Jumatano namkabidhi kondakta wa basi la Tabora kifurushi chako, ukapokee stendi jioni. Ndani kuna mita nne za bluu ile ile, zilibaki. Kuna uzi wa kijani mabonge matatu. Kuna dagaa kilo moja, wakavu, wa kukaanga bila kukupotezea muda. Na kuna punje za kahawa Mama alizosema nimpe "rafiki yako anayefuma", kwa kuwa nilimsimulia habari zako tukiwa tunapinda ncha. Yule binti mwenye simu ukimpa sindano, nijulishe alifika wapi na ule mnyororo.

Wako,
Mama Baraka