Tuwaachie korongo taji matete yao

Mhariri,

Naomba nafasi nimtetee korongo taji, ndege anayepamba bendera ya Uganda na ambaye tangu mwaka 2012 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Kimo chake ni takriban mita moja. Mwili ni wa kijivu, mashavu meupe, chini ya kidevu ana kifuko chekundu, na utosini taji la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Anapocheza huinamisha kichwa, hutanua mbawa na kuruka juu huku miguu ikining'inia, na mara nyingi wenzake humfuata. Sijaona ndege mwingine wa kwetu mwenye madaha kama hayo.

Usiku hulala juu ya miti, lakini hutaga chini, katikati ya matete ya kinamasi, na hapo ndipo tunapomwumiza: tunakausha vinamasi ili tulime, na makinda hukamatwa wakafugwe majumbani, ambako wengine hukatwa mbawa wasiruke tena.

Naziomba halmashauri zetu zihakikishe kwamba kila kinamasi kinabakiziwa matete yasiyofyekwa wala kuchomwa, hasa msimu wa kutaga.

Msomaji wako,
Bukoba