Barua kwa Atupele, kuhusu pikipiki na ule mlima

Uyole, Jumapili jioni

Mwanangu Atupele,

Kaka yako ameniambia ile Honda CG125 inakuzimikia ukiachia resi, na sasa unashuka Hamsini na Saba, kona zote 57, kwa nyutro mpaka Chimala, eti kwa kuwa sailensi, ule mngurumo wa chini bila resi, haina. Tangu Ijumaa usingizi wangu ni wa kuokoteza. Mama, usishuke ule mlima kwa nyutro. Breki zake ni za shuu. Zikipata moto kona ya 20, hizo 37 zilizobaki utazikabili na nini? Tia gia ya pili, injini ikushike.

Najua umeshaipandisha skrubu ya sailensi. Ishushe. Ikiwa juu sana, ukiachia resi pikipiki inaendelea kukusukuma, na konani ni hatari ileile. Anza kwa kulegeza kile kiskrubu cha chini ya bakuli la kabureta, mafuta yaingie kwenye chupa inayoonyesha ndani, uyaache yatulie. Kama kuna maji, yatakaa chini kama ushanga. Petroli ya chupa mnayouziwa huko siiamini. Kisha washa, upake maji ya sabuni pale kabureta inapoungana na injini. Mlio ukibadilika, inavuta hewa hapo.

Kama hapo pazima, toa jeti ndogo, ile ya kabureta inayopitisha mafuta ya sailensi, uielekeze juani. Tundu linatakiwa liwe duara. Hilo lako utaliona limekaa kama yai. Ulipokuwa kidato cha nne sindano ya mama yako ilipotea, ukasemwa wewe siku mbili. Jeti hiyo ilizibuliwa kwa sindano hiyo. Tundu likishapanuka injini inapata mafuta mengi kuliko hewa, na huko Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, hewa ni nyepesi kuliko hapa Mbeya kwenye 1,700. Ndiyo maana plagi yako nyeusi kama sufuria ya kuni. Yale niliyosema kwenye simu kuhusu utunzaji wako, yaache.

Jeti mpya nimenunua Mwanjelwa. Ipo kwenye karatasi ya daftari, ndani ya mchele wa Kyela aliokufungia mama yako, kwa hiyo chambua taratibu. Ukitaka kuifungua skrubu ya hewa, kwanza ikaze polepole huku unahesabu mizunguko mpaka igote, andika, ndipo uitoe. Usiikaze kwa nguvu. Kuzibua tundu ni kwa uzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme, chuma hapana. Sailensi uipange injini ikiwa ya moto.

Wiki iliyopita, stendi, wakulima wa viazi kutoka Matamba walikuwa wanasema bibi shamba wao anafika hata mvua ikinyesha. Sikuwaambia ni wangu. Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa. Lakini mvua ikinyesha sana, mama, kalale kwa watu, utafika kesho.

Goti la mama yako linamsumbua na baridi hii, na hospitali hataki. Bati la jikoni nimelipigilia. Ng'ombe wako amezaa dume. Jirani anamtaka, mimi nimemwambia asubiri neno lako.

Jumamosi ukifika Chimala nipigie, uniambie umeshuka na gia ya ngapi.

Baba yako